Kesi ya sumu ya kiwanda: jua mahakama yako kabla ya kufungua

Tarehe 4 Novemba 2025 maji machafu yaliyokuwa yamefungiwa katika eneo la Congo Dongfang Mining, kiwanda tunachokiita CDM, yalitoka na kuingia katika mitaa ya komini Annexe, hapa Lubumbashi. Watu wa Kasapa, Kamatete na Kamisepe waliyaona yakipita mbele ya parseli zao. Siku mbili baadaye Waziri wa Migodi, Louis Watum Kabamba, alisimamisha kazi za kiwanda kwa miezi mitatu. Wengi walishusha pumzi wakadhani mambo yamekwisha. Lakini amri ya waziri ni jambo la serikali na kiwanda. Haimlipi mama ambaye bustani yake ya lengalenga imeungua, wala mzee ambaye kisima chake hakinyweki tena. Fidia ya mtu mmoja mmoja, kiwanda kisipoitoa kwa hiari, huamuliwa na jaji.

Sasa, jaji yupi? Watu wengi huruka swali hili. Wanaanza na sumu: rangi ya maji, harufu, watoto wanaojikuna. Wanasheria wa upande wa pili hawaanzi na sumu hata kidogo. Wanaanza kwa kusema mahakama hii haina mamlaka, nendeni kwingine. Hoja hiyo inaweza kula miaka kabla mtu yeyote hajataja neno kobalti mbele ya jaji. Makala hii ni kwa ajili ya wenye madai: wakazi wa kandokando ya viwanda, wazee wa mitaa, vyama vya wakulima wa bonde la Kafubu na la Naviundu, na vijana wa mashirika wanaowasindikiza. Haichukui nafasi ya avoka. Itakusaidia ujue cha kumuuliza siku ya kwanza, kabla hujamlipa.

Mchezo huu si wa Kongo peke yake, wala haukuanzia hapa. Marekani kuna mahakama za majimbo na mahakama za shirikisho. Mwaka 2018 jiji la Baltimore lilizishtaki kampuni kubwa za mafuta, BP mojawapo, katika mahakama ya jimbo la Maryland kwa madhara ya mabadiliko ya tabianchi. Kampuni zikaihamishia kesi mahakama ya shirikisho, ambako ziliona zina nafasi nzuri zaidi. Jiji likataka irudishwe. Mwaka 2021 ubishi huo ulifika Mahakama Kuu ya nchi, na mpaka 2023 ndipo kesi ilipotulia katika mahakama ya jimbo. Miaka mitano ilikwisha watu wakibishana juu ya jengo la kuingia tu. Kwetu hakuna shirikisho. Jaji wa Lubumbashi na jaji wa Kinshasa wote ni wa taifa moja, na gavana hana mahakama yake. Hata hivyo milango tunayo mingi, na kila mlango una watu wanaojua kuutumia kukuchosha.

Hebu tuanze na ule unaowafaa wengi. Madai ya fidia ya kiraia dhidi ya kampuni hupelekwa mahakama za kawaida, na mpangilio wake uko katika sheria ya kikaboni nambari 13/011-B ya tarehe 11 Aprili 2013. Chini kabisa ipo Tribunal de Paix, tripaix kama tunavyoiita, inayoshika madai ya thamani ndogo. Juu yake ipo Tribunal de Grande Instance, TGI. Kesi ya mtaa mzima uliomwagikiwa maji ya tindikali, mahali pake ni TGI.

Hapo hapo ndipo mtego wa kwanza ulipo. Tuseme familia 60 zinadai, kila moja dola chache. Avoka wa kiwanda atasimama aseme kila dai peke yake ni dogo, liende tripaix, tena kila familia na faili lake. Ukikubali, umegeuza kesi moja kuwa kesi 60, na kiwanda kina avoka wa kutosha kwa zote 60. Wewe hata nauli ya kwenda kusikiliza kumi huna. Kwa hiyo hati ya madai, ile assignation inayopelekwa na huissier, afisa wa mahakama, ionyeshe tangu ukurasa wa kwanza kwamba chanzo ni kimoja, siku ni moja, maji ni yale yale, na iandike jumla ya madai yote kwa pamoja kabla ya kugawa sehemu ya kila mmoja. Avoka anayekuandikia madai bila hesabu, akisema tutamwachia jaji apime, mwombe aandike upya. Hesabu ndiyo inayompa jaji mamlaka.

Tofautisha pia aina mbili za pingamizi, maana watu huzichanganya na kuogopa bure. Pingamizi la mahali, yaani kusema kesi hii ni ya Kolwezi au ya Likasi na si ya Lubumbashi, lazima litolewe mwanzoni kabisa, kabla mshtakiwa hajajibu kiini cha kesi. Akishajibu, amechelewa. Pingamizi la aina ya kesi, yaani kusema jambo hili si la mahakama za kawaida au si la ngazi hii, halina mwisho. Linaweza kutolewa wakati wowote, hata kwenye rufaa, na jaji mwenyewe anaweza kuliibua bila kuombwa. Hilo ndilo la kuogopa. Unaweza kushinda Lubumbashi, ukashangilia, kisha Cour d'appel ikafuta kila kitu kwa sababu ulianzia ngazi isiyokuwa yako. Ndiyo maana nasema pesa ya avoka itumike zaidi kwenye kurasa mbili za mwanzo kuliko kwenye hotuba ya mwisho.

Kuhusu mahali, kanuni ya kawaida ni kumfuata mshtakiwa alipo. Kampuni nyingi zina makao yaliyoandikishwa Kinshasa, mgodi Fungurume, ghala Lubumbashi, na wenye hisa Ulaya au China. Lakini sheria inakubali pia mahakama ya pale wajibu ulipozaliwa, na wajibu wa kulipa madhara huzaliwa pale madhara yalipotokea. Basi andika kwa usahihi pale maji yalipoanguka: avenue, mtaa, komini. Tangu Katanga ya zamani igawanywe mwaka 2015 kuwa Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika, mipaka imeleta mabishano mapya. Mto hauulizi mkoa. Uchafu uliotokea Lualaba unaweza kuwafikia wavuvi wa mkoa mwingine, na kila upande utapendelea mahakama yake. Mlioathirika pande zote mbili za mpaka, kaeni pamoja kwanza mchague mahakama moja.

Mlango wa pili, unaovutia kwa sababu ni wa bei rahisi, ni parquet, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka. Unaandika malalamiko, mwendesha mashtaka anaita watu, meneja wa kiwanda anatetemeka kidogo. Wengine hupeleka kesi ya jinai moja kwa moja kwa citation directe na kuomba fidia humo humo. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inaiunga mkono hasira hiyo: kifungu cha 53 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, cha 54 kinasema uchafuzi unaotokana na shughuli ya kiuchumi unaleta fidia au marekebisho, na cha 55 kinauita umwagaji wa sumu katika maji ya nchi uhalifu. Mimi siupendi mlango huu kwa kesi za fidia, na nitasema kwa nini. Kesi ya jinai ikishafunguliwa, ile ya kiraia kuhusu jambo hilo hilo husimama ikiisubiri. Kampuni yenyewe ni vigumu kuifunga jela. Anayeshtakiwa ni mtu, na mtu huhamishwa, hurudi kwao, nafasi yake huchukuliwa na mwingine. Mwendesha mashtaka akiliweka faili kwenye kabati, wewe huna ufunguo wa kabati lile. Malalamiko ya jinai yana faida moja kubwa, nayo ni uwezo wa OPJ, yaani afisa wa polisi wa upelelezi, kuingia mahali ambapo wewe huwezi kuingia na kuandika procès-verbal ya alichokiona. Kama avoka anashauri kupitia parquet, muulize: tunatafuta ushahidi au tunatafuta fidia? Jibu lake likuongoze.

Wapo pia watakaokuambia muende Tribunal de commerce, kwa sababu kiwanda ni mfanyabiashara. Lubumbashi inayo mahakama hiyo, kwa sheria ya tarehe 3 Julai 2001. Lakini mkulima aliyeunguliwa mahindi hakufanya biashara na kiwanda. Kiwanda kikidai kesi ihamie huko, jibu ni fupi: hakuna mkataba wala tendo la biashara hapa, kuna madhara.

Mahakama za utawala ni jambo jingine, na hapa nimeona mashirika mazuri yakipotea. Kama unataka kufuta karatasi ya serikali, kwa mfano kibali au uamuzi wa kuruhusu kiwanda katikati ya nyumba, TGI haiwezi. Uamuzi wa mamlaka ya mkoa unapingwa mbele ya mahakama ya utawala ya rufaa, na ule wa waziri unakwenda Conseil d'État Kinshasa, iliyoundwa kwa sheria ya kikaboni nambari 16/027 ya Oktoba 2016. Kabla ya hapo lazima umwandikie aliyetoa uamuzi umwombe aubadilishe, na saa inaanza kuhesabu tangu uamuzi ulipotangazwa. Kosa linalorudiwa ni kuchanganya yote katika hati moja: fidia ya mashamba, kufuta kibali, kumwajibisha gavana. Hati kama hiyo ni zawadi kwa avoka wa kiwanda. Atavuta kipengele cha kibali na kusema jambo zima ni la utawala. Tenganisha. Fidia peke yake TGI, kibali peke yake kwa jaji wa utawala, hata kama karatasi zinabebwa na avoka huyo huyo siku hiyo hiyo.

Sheria ipi utaisimamisha mbele ya jaji? Hili nalo linagusa mamlaka kuliko linavyoonekana. Sheria ya migodi (Code minier) ya 2002, iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, iliongeza kifungu cha 285 bis: mwenye haki ya mgodi anawajibika kwa madhara ya shughuli zake kwa watu, mali na mazingira hata kama hakuna kosa wala uzembe upande wake. Ni kifungu chenye nguvu, maana hakikulazimishi kuonyesha nani alisahau kufunga bomba. Lakini kisome vizuri. Kinamtaja mwenye haki ya mgodi au ya machimbo. Lubumbashi imejaa viwanda vinavyonunua mawe yaliyochimbwa kwingine na kuyasafisha tu. Avoka wa kiwanda cha namna hiyo anaweza kubisha kwamba mteja wake hana haki ya mgodi, kwa hiyo kifungu hakimhusu. Usimpe nafasi. Andika misingi yote pamoja: 285 bis, sheria nambari 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 juu ya misingi ya kulinda mazingira, na chini yake kifungu cha 258 cha dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, kile cha kizamani ambacho kila mwanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, UNILU, anakijua kwa moyo: anayemdhuru mwenzake kwa kosa lake alipe. Msingi mmoja ukianguka, mwingine unabaki umesimama, na kesi haifukuzwi.

Mara nyingine kiwanda kitaleta hoja ya usuluhishi, kwamba mkataba wake na serikali au na Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, unasema migogoro yote iamuliwe na wasuluhishi Paris au Geneva. Mkataba huo ni wa waliotia sahihi. Wewe hukutia. Hoja hii haihitaji jibu la zaidi ya mistari mitano.

Tuje sasa kwenye kuhamishwa kwa kesi yenyewe, maana ndiko vita huwa vikali. Sheria inaruhusu kesi iondolewe mahakama moja na kupelekwa nyingine ya ngazi hiyo hiyo kwa sababu mbili: usalama wa umma, au shaka ya haki juu ya mahakama nzima, renvoi pour cause de suspicion légitime. Kati ya TGI mbili za eneo moja la rufaa, Cour d'appel ndiyo inayoamua. Kutoka eneo moja kwenda jingine, kwa mfano kutoka Lubumbashi kwenda Kolwezi, ombi linapanda hadi Cour de cassation, Kinshasa. Na huko avoka wako wa Lubumbashi anaweza asiweze kusimama, kwa sababu Cour de cassation ina chama chake cha mawakili. Unahitaji mwingine, na mwingine ana bei yake.

Fikiria jinsi inavyokuwa siku yenyewe. Chumba kimejaa, mama zenu wamekaa kwenye benchi za nyuma na vitambaa vya mtaa, vijana wamesimama madirishani. Jaji anaita nambari ya faili. Avoka wa kiwanda anasimama na, badala ya kujibu, anaonyesha umati ule: mheshimiwa rais, mazingira haya hayamruhusu jaji kuamua kwa utulivu, tunaomba kesi isimame mpaka ombi letu la renvoi litakapojibiwa. Umati uliokuja kuunga mkono umegeuka kuwa hoja ya kuihamisha kesi. Kwa hiyo, ndugu zangu wa mashirika, nawaomba: siku ya audience pelekeni watu wachache wenye heshima, wanaojua kukaa kimya. Matembezi na mabango yafanyeni siku nyingine, mbali na jengo la mahakama. Na msimtukane jaji redioni. Maneno ya redio huandikwa na kuwekwa kwenye faili.

Ombi la renvoi likija, lijibuni upesi kwa maandishi. Katiba, kifungu cha 19, inasema hakuna mtu anayeweza kuondolewa bila ridhaa yake kwa jaji aliyepangiwa na sheria. Anayeomba kesi ihame ndiye wa kuthibitisha, tena kwa mambo yaliyotokea na si kwa hisia. Ikiwa shaka ni juu ya jaji mmoja, dawa yake ni kumkataa jaji huyo, récusation, sio kuihamisha mahakama nzima. Nanyi pia msiitumie silaha hii ovyo. Nimesikia watu wakitaka kesi ipelekwe Kinshasa kwa sababu huko majaji hawanunuliki. Sijui nani aliwaambia. Ninachojua ni kwamba mashahidi wenu wako Lubumbashi, kisima kiko Lubumbashi, na tiketi ya ndege kwenda Kinshasa si ya mkulima.

Mfano mchungu tunao hapa hapa mkoani. Oktoba 2004 jeshi liliingia Kilwa, kando ya ziwa Mweru, likawaua zaidi ya watu 70. Magari na ndege iliyokodiwa na kampuni ya Anvil Mining, iliyokuwa ikichimba Dikulushi, vilitumika kuwasafirisha askari. Kesi ilipelekwa mahakama ya kijeshi ya Katanga, na wafanyakazi wa kampuni, raia, wakashtakiwa pamoja na askari. Juni 2007 wakaachiliwa kwa mashtaka ya mauaji ya Kilwa. Walionusurika walijaribu Kanada mwaka 2010. Aprili 2011 jaji wa Québec alikubali kusikiliza. Januari 2012 mahakama ya rufaa ikasema Québec si mahali pake. Novemba 2012 Mahakama Kuu ya Kanada ikakataa hata kuiangalia rufaa. Katika miaka ile miwili hakuna jaji wa Kanada aliyesikiliza kilichotokea Kilwa. Mabishano yote yalikuwa juu ya mamlaka. Baadaye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu iliiona serikali ya Kongo ina hatia na kuamuru dola milioni 2.5 kwa waathirika wanane, uamuzi uliotangazwa 2017. Lakini uamuzi ni jambo moja na pesa mkononi ni jingine, na watu wa Kilwa wanaijua tofauti hiyo. Ile haikuwa kesi ya mazingira, ila somo lake kwa kesi za mazingira ni la moja kwa moja: kama kuna askari au polisi wa mgodi waliopiga watu siku ya uchafuzi, usilichanganye dai la kupigwa na dai la maji. Auditorat militaire, yaani waendesha mashtaka wa kijeshi, ikishaligusa faili, yote yatavutwa huko.

Kwenda nje si ndoto tupu, na sitaki kuwakatisha tamaa. Ng'ambo ya mpaka, Chingola, wanakijiji 1,826 wa Zambia waliishtaki Vedanta huko London mwaka 2015, pamoja na tawi lake Konkola Copper Mines, kwa kuchafua maji ya mgodi wa Nchanga. Kampuni ikasema kesi ni ya Zambia: maji ya Zambia, mashamba ya Zambia, sheria ya Zambia. Tarehe 10 Aprili 2019 Mahakama Kuu ya Uingereza iliruhusu kesi iendelee London, kwa sababu kampuni mama ilikuwa pale, na kwa sababu wanakijiji maskini wasingeweza kupata Zambia fedha na timu ya mawakili wa kesi kubwa kiasi kile. Januari 2021 pande mbili zikapatana. Angalia miaka: karibu minne kwa suala la mamlaka peke yake. Na angalia sababu iliyowaokoa: walithibitisha kwa karatasi kwamba nyumbani haki haifikiki. Hawakusema tu kwamba majaji wao ni wabovu. Upande mwingine, familia za Kongo zilizozishtaki Apple na kampuni nyingine za teknolojia Washington mwaka 2019, kwa watoto waliokufa na kuumia katika machimbo ya kobalti, zilishindwa, na mahakama ya rufaa ikathibitisha hivyo Machi 2024. Kununua kobalti kupitia mlolongo mrefu, ilisema, hakutoshi. Kwa hiyo kabla ya kumsikiliza mzungu anayewaahidi London au Toronto, ulizeni: kampuni mama ya kiwanda chetu imeandikishwa wapi? Kama jibu ni nchi ambako hakuna aliyewahi kufaulu kufungua mlango, afadhali nguvu zibaki TGI.

Na Arusha? Tangu Kongo iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki nayo ni yetu. Ina rekodi ya mazingira: Juni 2014 ilizuia barabara ya lami kupita katikati ya Serengeti. Lakini pale unaishtaki serikali, si kiwanda, tena ndani ya miezi miwili tangu tendo litokee au ulijue. Kesi dhidi ya bomba la mafuta ghafi la Uganda na Tanzania, iliyofunguliwa 2020, ilitupwa Novemba 2023 kwa sababu ya muda huo, bila kugusa misitu wala ardhi ya watu. Mtu akikuambia Arusha, hesabu siku kwanza.

Wakenya wametutangulia kwa kuwa na mahakama maalumu ya mazingira na ardhi, na bado hawajaepuka mabishano. Huko Kisumu majirani wa kiwanda cha Kibos waliambiwa kwenye rufaa kwamba walipaswa kuanzia kwenye baraza la mazingira kabla ya mahakama. Owino Uhuru, Mombasa, walioathirika na risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri walipewa shilingi bilioni 1.3 Julai 2020, wakanyang'anywa kwenye rufaa 2023, wakarudishiwa na Mahakama ya Juu Desemba 2024. Wanaodhani mahakama maalumu peke yake ingetutatulia mambo waitazame kesi hiyo.

Wakati mawakili wanabishana, maji hayasubiri, na hapa ndipo ushauri wangu ulipo mzito kuliko pote. Mvua moja ya Desemba inaweza kuosha ushahidi wote. Siku maji yanapotokea, mwite huissier aje kufanya constat, yaani kuandika rasmi anachokiona. Mbele yake chukua chupa mbili safi za plastiki kwa kila mahali, zisuuze mara tatu kwa maji yale yale, uzijaze hadi juu, uzifunge, uandike kwa kalamu isiyofutika saa, mahali na jina la aliyechota. Chota pia juu ya kiwanda, mahali ambapo maji yake hayajafika, ili pawe na cha kulinganisha. Chupa moja iende maabara, nyingine ibaki imefungwa kwa huissier kwa ajili ya mtaalamu wa upande wa pili. Picha za simu ziwe na kitu kinachotambulika, ukuta wa shule au nguzo ya umeme ya SNEL yenye nambari. Mama ajaze daftari ya mazao: nini kilipandwa, lini, kiliuzwa bei gani mwaka jana.

Usitegemee utafiti wa jumla uchukue nafasi ya chupa hizo. Tafiti tunazo, tena nzito. Watafiti wa UNILU na wenzao wa Ubelgiji walionyesha mwaka 2009 kwamba watu wa Katanga wanaoishi karibu na migodi wana kobalti nyingi mwilini, na mwaka 2020 jarida la Lancet Planetary Health lilichapisha uchunguzi wa Lubumbashi uliounganisha kazi ya baba mgodini na watoto kuzaliwa na kasoro. Avoka wa kiwanda atazikubali zote kwa tabasamu, kisha aseme uchafu huo ni wa Union Minière iliyoanza kuyeyusha shaba hapa mwaka 1911, au wa Gécamines, si wa mteja wangu. Chupa yenye tarehe ndiyo inayomjibu.

Halafu kuna karatasi ya décharge. Baada ya ajali, watu wa kiwanda hupita mtaani na bahasha na magunia ya unga, na karatasi ya kutia sahihi. Ikiwa imeandikwa kwamba umepokea malipo ya mwisho na unaacha madai yote, jaji ataiheshimu. Pokea unga, mtoto ale. Kwenye karatasi andika kwa mkono wako kwamba ni msaada wa dharura na hauondoi haki ya kudai. Wakikataa maneno hayo, umeelewa karatasi ilikuwa ya nini.

Sheria yetu haina kesi ya kundi ambapo mmoja anawadai wote wasiotajwa. Kila anayetaka kulipwa lazima jina lake liwemo kwenye hati, pamoja na nakala ya kadi ya mpiga kura, karatasi ya parseli hata kama ni fiche ya shefu wa mtaa, na procuration, yaani idhini ya kuwakilishwa, kwa avoka. Orodha iandikwe na wazee wa mtaa mapema, kabla majina ya watu wa komini za Kamalondo na Kenya ambao hawakuguswa na maji hayajaanza kujipenyeza, maana jina moja la uongo linatia doa orodha nzima. Asiye na uwezo aombe cheti cha umaskini, certificat d'indigence, asilipe gharama za mwanzo za mahakama. Na kama hali ni ya haraka, avoka aombe kwa rais wa TGI ruhusa ya kuita kiwanda kwa muda mfupi kuliko kawaida.

Ukishindwa kwenye hoja ya mamlaka, usikae ukilia. Muda wa rufaa ya kiraia ni siku 30 tangu hukumu ilipokufikia rasmi, na ya jinai ni siku 10. Muulize avoka siku hiyo hiyo kama ni bora kukata rufaa au kufungua upya mahakama iliyotajwa na jaji. Mara nyingi kufungua upya ni upesi na bei yake ni ndogo, mradi faili la ushahidi liko salama. Nakala ya faili hilo, pamoja na constat ya huissier, isikae kwa avoka peke yake. Iwekwe pia kwa mtu wa mtaa anayeaminika, na nyingine parokiani.